Sura ya Sita: Kasi Haiko Kidoleni

Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Big Bear Lake, mji mdogo wa milimani katika jimbo la California, Marekani, polisi, wanajeshi wa zamani na raia wapenda bastola walikuwa wakikutana kushindana. Washindani wawili walisimama sambamba, bastola zikiwa kwenye mikoba ya kiunoni. Mbele yao, umbali wa mita 6 na kidogo, yalitundikwa maputo makubwa yenye upana wa sentimita 45 hivi. Ishara ikitolewa, mshindi ni yule aliyemaliza kupasua maputo yake kwanza.

Mita 6 ni umbali wa kutoka mlango wa sebule hadi ukuta wa pili wa nyumba kubwa, na puto la upana huo linazidi kichwa cha mtu. Hata hivyo walikuwa wakikosa. Karibu wote walichomoa kwa wepesi wa kushangaza, wakafyatua kutoka usawa wa nyonga kama walivyoona kwenye sinema za wachunga ng'ombe, na risasi zikaingia kwenye tuta la udongo la nyuma huku maputo yakining'inia salama. Risasi zikawaishia, wakaanza kupapasa nyingine mikandani.

Jack Weaver, naibu sherifu wa Los Angeles, alikuwa miongoni mwa hao waliokuwa wakikosa, mpaka alipoamua kufanya jambo lililoonekana la kizembe. Alichomoa rivolva yake, akaishika kwa mikono miwili, akaiinua hadi usawa wa jicho, akalenga, ndipo akafyatua. Risasi yake ya kwanza ilitoka baada ya ile ya mpinzani wake. Ila yake ilipasua puto. Mwaka 1959 aliwashinda wote, na Jeff Cooper, luteni kanali wa zamani wa kikosi cha Marine aliyekuwa nyuma ya mashindano hayo, aliutangaza mtindo huo kwa maandishi yake hadi ukaitwa kwa jina la Weaver katika vyuo vya polisi vya nchi nyingi.

Nimemtanguliza Weaver kwa sababu kosa alilolikimbia bado lipo. Nenda kwenye renji yoyote ambako raia wenye leseni hufanya mazoezi, iwe Arizona au Kirigiti kule Kiambu, utamwona mtu akiambiwa "sasa piga haraka", na kitu pekee anachokibadilisha ni kidole. Anakifyatua kidole mbio mbio, na karatasi iliyo mbele yake inaonekana kana kwamba imepigwa na watu watatu tofauti. Anarudi nyumbani akiamini kwamba yeye hakuumbwa kuwa mwepesi.

Kidole cha shahada cha mtu yeyote mzima kina kasi ya kutosha. Yanayomchelewesha mlengaji ni mengine, na yanayomkosesha shabaha yametangulia mlio wenyewe.

Tuanze na saa. Katika bastola ya kawaida ya milimita 9, tangu baruti iwake hadi risasi iuache mtutu hupita takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, pengine pungufu. Baada ya hapo sehemu ya juu ya bastola hurudi nyuma, hutupa ganda, husukuma risasi mpya kwenye chemba na kujifunga, na safari hiyo yote haifiki sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sasa mlinganishe mwanadamu: mtu mwenye afya akiona taa ikiwaka, huhitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kabla mkono wake haujaanza kuitikia. Kwa hiyo lolote unalofanya kwa sababu umeusikia mlio au umelihisi teke la bastola, risasi iliyosababisha teke hilo imekwisha kutoboa karatasi zamani. Ikienda upande, iliharibiwa na jambo ulilolifanya kabla. Vivyo hivyo, huwezi kupambana na teke kwa kulijibu. Linatulizwa na namna mikono ilivyowekwa tangu mwanzo.

Halafu kuna hesabu ya pembe, ambayo wakufunzi wengi huiruka kwa kuogopa kuchosha watu. Chukua bastola ambayo kinundu cha kulengea cha mbele na mwanya wa nyuma vimeachana kwa sentimita 16. Kinundu kikihama milimita 1 tu kutoka katikati ya mwanya, shabaha ikiwa mita 7 risasi itahama milimita 44 hivi. Mita 10, milimita 62. Mita 25, zaidi ya sentimita 15. Lakini bastola nzima ikisogea milimita 1 kulia bila kupinda, kinundu na mwanya vikiwa bado vimelingana, risasi nayo itasogea milimita 1, haidhuru shabaha iko wapi. Mkono unaotetemeka kidogo, basi, si balaa kubwa kama wanaoanza wanavyodhani. Balaa ni kupinda. Na hakuna kinachoipinda bastola kama mkono unaovuta kifyatulio vibaya.

Hapa ndipo pa kukaa.

Ubongo unajua kwamba mlio unakuja. Bastola inalipuka umbali wa mkono mmoja kutoka usoni, na mwili, ambao kazi yake ni kukulinda, huanza kujiandaa: macho hufumba, mabega hupanda, kifundo cha mkono husukuma mbele na chini ili kulizuia teke ambalo halijatokea. Mlengaji anayetumia mkono wa kulia akifanya hivyo, matundu yake hujikusanya chini kushoto mwa shabaha. Atalaumu macho. Atalaumu bastola na kuomba irekebishwe. Wengine hununua bastola nyingine, na matundu yanahamia nayo chini kushoto.

Dawa yake inajulikana siku nyingi. Mwenzako anakujazia magazini bila wewe kuona, akichanganya risasi hai na risasi bandia zisizo na baruti. Unalenga, unavuta, unalenga, unavuta. Kifyatulio kikiangukia risasi bandia hakuna mlio wala teke la kuficha lolote, na unaiona bastola yako mwenyewe ikiinamisha pua kama mbuzi aliyeshtuliwa. Inatia aibu hasa ukiwa umejisifu kwenye chai. Lakini baada ya kuiona mara chache, mwili huanza kuelewa kwamba si kila kuvuta kunaleta kishindo, na mkono hutulia.

Kuna jambo moja la ndani ambalo huwachanganya watu. Mwekee bingwa risasi bandia katikati ya mfululizo wa haraka, utaona bastola yake nayo inainama. Je, naye anaogopa? Hapana. Bingwa anairudisha bastola chini kwa mazoea, kwa mpigo ulio sahihi, baada ya wakati ambapo risasi ingekuwa imekwisha kutoka. Anayeanza anafanya tendo hilohilo mapema kidogo mno. Tofauti ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na haionekani kwa jicho la mkufunzi aliyesimama pembeni. Inaonekana kwenye karatasi. Kwa hiyo siwaamini wakufunzi wanaokemea kila bastola inayoinama bila kwenda kutazama matundu.

Kuhusu kusimama, vitabu vimeandika kurasa nyingi kupita haja. Uzito uwe mbele kidogo, magoti yalegee, usijipinde kiunoni kuelekea nyuma kama mtu anayeogopa moto. Inatosha.

Mikono ndiyo yenye habari. Mtutu umekaa juu ya kiganja, kwa hiyo teke linapokuja nyuma hupata wenzo wa kuinua pua ya bastola. Kadiri kiganja kinavyopanda juu nyuma ya mpini, wenzo huo unafupika. Pale kati ya kidole gumba na kidole cha shahada pakae juu kabisa panapowezekana, bila kuziba njia ya sehemu inayoteleza. Mkono wa pili ujaze nafasi iliyobaki upande wa mpini, vidole vyake vikigusa kwa chini kile kizingo kinachokilinda kifyatulio, na vidole gumba vyote viwili vielekee mbele. Kwa rivolva mambo hubadilika, kwa sababu gesi ya moto hutoka pembeni mwa silinda, na kidole gumba kilichonyooshwa mbele kinaweza kujeruhiwa.

Weaver aliupinda mwili upande, mkono wa kulia ukisukuma na wa kushoto ukivuta, na kwa miaka ishirini hivi hakuna aliyethubutu kuhoji. Kisha vijana wawili wa Arizona, Rob Leatham na Brian Enos, wakaanza kushinda kwa namna nyingine. Walisimama wakiikabili shabaha kifua wazi, mikono yote miwili ikinyooka sawasawa, na badala ya kupigana na bastola waliiacha iruke. Leatham alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa kulenga bastola kwa kasi mwaka 1983 na akaendelea kuutwaa. Siri yao ilikuwa kwamba mikono iliyokaa sawa pande zote huifanya bastola ipande wima na kurudi wima, mahali palepale ilipotoka. Ukiikaza kupita kiasi, inarudi na kupitiliza chini, nawe unapoteza muda kuitafuta. Nguvu za misuli zina faida yake, sikatai, ila kipimo ni kwamba risasi ya sita inaikuta mikono ilivyokuwa kwenye risasi ya kwanza.

Kazi ngumu iliyobaki ni kukitenga kidole cha shahada na wenzake. Anayekamua tui la nazi hukaza vidole vyote kwa pamoja. Hiyo ndiyo tabia ya asili ya mkono wa binadamu, na kwenye bastola ndiyo inayoharibu. Mlengaji akiharakisha, kidole kinachovuta huviamsha vingine vitatu, mpini unabanwa, na mtutu unapinda ile milimita tuliyoihesabu. Walengaji wazuri hulikwepa hili kwa kuupa mkono wa pili sehemu kubwa ya kazi ya kubana, ili mkono wenye kidole uwe na utulivu wa kutosha kukiacha kidole kitembee peke yake, moja kwa moja kuelekea nyuma. Kuna ushauri maarufu wa kuachia kifyatulio taratibu mpaka kisikike kikibofya, ndipo uvute tena. Kwa kulenga polepole unafaa. Kwa kasi unachelewesha, na wengi wanaousisitiza hawajawahi kuupima kwa saa.

Tuje kwenye macho. Mwaka 1990 Enos alichapisha kitabu kuhusu mchezo huu, na kilichowashangaza wasomaji ni jinsi alivyozungumza zaidi juu ya kuona kuliko juu ya kupiga. Mlengaji mwenye mazoezi hafumbi macho. Anakiona kinundu cha mbele kikipanda wakati wa mlio, na kutokana na mahali kilipokuwa kilipoanza kupanda anajua risasi imekwenda wapi, kabla ya kutazama karatasi. Hilo pekee linamwokolea muda mwingi, maana hahitaji kuchungulia shabaha na kurudi kwenye bastola baada ya kila pigo. Na anaona kiasi anachokihitaji tu. Shabaha iliyo mita 3 hudai umbo la bastola liwe katikati yake, basi. Iliyo mita 20 hudai mwanga ulio pande mbili za kinundu ulingane. Anayedai picha kamili kwenye mita 3 anachelewa bure, na anayeridhika na umbo kwenye mita 20 anakosa.

Nani aamue ni lini uharakishe na ni lini utulie? Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, lililoundwa Columbia, Missouri, mwaka 1976 na kumchagua Cooper kuwa rais wa kwanza, lilipata jibu la kihasibu: pointi zinagawanywa kwa sekunde. Zoezi moja alilolibuni Cooper linaonyesha vizuri. Shabaha tatu ziko mita 10 hivi, zimeachana kwa mita 1. Unaanza ukiwa umezipa mgongo. Unageuka, unachomoa, unapiga kila moja mara mbili, unabadilisha magazini, unapiga kila moja mara mbili tena. Jumla ni risasi 12, na kila iliyoingia eneo la katikati ina pointi 5.

Tuseme umezipata zote 60 kwa sekunde 6. Alama yako ni 10. Safari ya pili unajisukuma, unamaliza kwa sekunde 5.5, ila risasi mbili zimeangukia ukingoni, penye pointi 1 kwa bastola yenye nguvu ndogo. Pointi 52 kwa 5.5 ni 9.45. Umekwenda haraka zaidi na umerudi nyuma. Au zote ziingie katikati isipokuwa moja iliyokosa kabisa, ambapo unanyimwa pointi zake 5 na kukatwa 10 juu yake, unabaki na 45, na alama inaporomoka hadi 8.18. Usikimbilie kufurahi wewe mpole. Ukizipata zote 60 kwa utulivu wa sekunde 8, alama yako ni 7.5, wakati jirani yako aliyetumia sekunde 6 na kuzitupa risasi tatu kwenye eneo la pointi 3 ana 9. Mchezo huu unamwadhibu mzembe, na unamwadhibu pia yule anayesubiri uhakika ambao hauhitajiki.

Olimpiki ina shule yake. Katika bastola ya kasi ya mita 25, mshindani hutumia mkono mmoja tu na bastola ndogo ya inchi 0.22 yenye teke hafifu. Husimama mkono ukiwa umeinamishwa, ishara inatolewa, anainua na kupiga shabaha tano, risasi moja kila shabaha. Kwanza anapewa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Duara la pointi 10 lina kipenyo cha sentimita 10. Katika zile sekunde 4, ukitumia sekunde moja na nusu kuinua mkono na kupiga ya kwanza, nne zilizobaki zinagawana sekunde mbili na nusu, na kati ya kila moja inabidi kiwiliwili chote kigeuke, mkono ukiwa umefungwa kama ulivyo. Macho hutangulia kwenye shabaha inayofuata, bastola huyafuata. Mjerumani Ralf Schumann alitwaa dhahabu tatu katika mchezo huu, mwaka 1992, 1996 na 2004.

Lakini anayenivutia zaidi ni Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938, akiwa sajini jeshini na mlengaji wa daraja la juu, bomu la mkono lenye hitilafu lililipuka na kuuharibu mkono wake wa kulia, mkono wa kulengea. Alipotoka hospitali alianza upya na wa kushoto, kimyakimya. Mwaka uliofuata alifika kwenye mashindano ya taifa, wenzake wakidhani amekuja kutazama, naye akashinda. Vita vikafuta Olimpiki ya 1940 na ya 1944. Alipofika London mwaka 1948 alikuwa na miaka 38. Alichukua dhahabu kwa rekodi ya dunia ya pointi 580, na miaka minne baadaye, Helsinki, akaichukua tena. Mkono uliokuwa na mazoea ya miaka mingi ulikuwa umekwenda. Kilichobaki ni macho yaliyojua nini cha kuona, na subira ya kuufundisha mkono mwingine kutoingilia.

Mafundisho ya namna hiyo hayali risasi nyingi. Sehemu kubwa hufanyika na bastola tupu. Nasema tupu kwa maana ya kuikagua chemba kwa jicho na kwa kidole, risasi zote zikiwa chumba kingine, na mtutu ukielekea ukuta unaoweza kuzuia risasi endapo wewe na macho yako mmekosea. Cooper alikuwa na kanuni nne ambazo kila renji imezirithi: ihesabu kila bastola kuwa ina risasi, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichokubali kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Zoezi la kasi ndilo linalozijaribu zaidi, hasa ya tatu, kwa sababu anayeharakisha kuchomoa hupenda kukitanguliza kidole. Ukikiona kimeingia mapema, simamisha zoezi.

Ukiwa renji, tumia kile kisaa cha elektroniki kinachosikia milio na kuandika muda wa kila risasi. Bila hicho unajipima kwa hisia, na hisia husema uongo: mfululizo uliohisi kuwa wa polepole mara nyingi ndio uliokuwa wa haraka. Kisha rudi kwenye zoezi la Cooper na usome tarakimu zake. Kipimo chake cha awali kilikuwa sekunde 10, na mabingwa wa leo hushuka chini ya 5. Sekunde hizo tano zimetoka wapi? Zoezi lina jozi sita za risasi. Tuseme muda kati ya risasi mbili za jozi umeshuka kutoka 0.35 hadi 0.20, kwa jozi zote sita hiyo haifiki hata sekunde moja. Zaidi ya sekunde nne nyingine zimetoka kwenye kugeuka, kuchomoa, kubadilisha magazini na kuyahamisha macho kutoka shabaha hadi shabaha, na yote hayo unaweza kuyafanyia kazi jioni, chumbani, kwa karatasi tatu ulizobandika ukutani.